Nenosiri Langu Kwenye Spika ya Kangari

Kangari kuna watu ambao mpaka leo wakinikuta sokoni hawaniiti Githinji wala Mwalimu, wananiita Alama ya Mshangao. Mmoja akianza, wa pili anamalizia, wa tatu anaangusha kabeji kwa kucheka, na mimi nasimama pale na kikapu changu nikicheka nao, maana nifanyeje, aibu yenyewe niliitafuta mwenyewe, nikaiunganisha na spika, halafu nikaiongeza sauti. Kwa muda mrefu sikutaka kuisimulia. Lakini mke wangu ameisimulia kanisani, ameisimulia kwenye chama chao cha akina mama, na juzi nimegundua ameisimulia hata kwa kinyozi wangu, kwa hivyo ni afadhali muisikie kutoka kwangu.

Mimi nafundisha kompyuta Ruring'u, hapa Nyeri, katika chuo kidogo kilicho juu ya duka la mbolea, na nikimaliza kufundisha natengeneza mashine za watu. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima wanaoogopa kipanya kana kwamba kinaweza kuwauma, na mimi huwaambia polepole, mama, gusa tu, ukikosea tutarudi nyuma, hakuna kitu kimeharibika. Somo langu la kwanza huwa ni nenosiri: usilisahau, usimwambie mtu, na usiweke jina la mtu unayempenda, kwa sababu hilo ndilo kila mtu atakalolikisia kwanza. (Shikeni hilo somo. Tutarudi kwalo.)

Njeri alikuwa mwanafunzi wangu. Alipomaliza kozi, baba yake, Mzee Kamau, aliyekuwa karani wa kiwanda cha chai kabla ya kustaafu, akaamua kununua kompyuta ya nyumbani, na Njeri akamwambia ainunue kupitia kwetu. Tungeweza kuituma kama mzigo, ifike na gari siku hiyo hiyo. Lakini mimi nikasema hapana, mashine kama hii inahitaji mtaalamu aifikishe mwenyewe, na Wafula, mwalimu mwenzangu kutoka Bungoma ambaye husema kila kitu kinachomjia kichwani, akaniangalia akasema, "Mtaalamu wa kompyuta au wa Njeri?" Nikajifanya sijasikia.

Nikafika Kangari, kwao Njeri, nikaipanga mashine sebuleni. Mzee Kamau alikuwa amevaa kofia yake ya kijivu na hakucheka hata mara moja. Baba yake Mzee, ambaye wote walimwita Guka, yaani babu, alikuwa ameketi dirishani na fimbo yake akinitazama, na Njeri alikuwa akipita mlangoni na birika, anakwenda, anarudi, anakwenda. Nilipofika mahali pa kujaribu maikrofoni nikamwomba Guka aseme lolote. Akasema maneno machache, nikayahifadhi, tukacheka, basi. Kisha nikafanya lile ninalofanya kwa kila mteja: nikafungua akaunti mbili. Moja ya kawaida isiyo na nenosiri, ya Mzee na wajukuu. Nyingine ya msimamizi, yenye nenosiri. Fikirieni nyumba yenye sebule na ghala. Sebuleni kila mtu anaingia, lakini ghalani, mahali pa kurekebisha mambo makubwa, anaingia mwenye ufunguo tu. Na ule ufunguo, siku ile, nikiwa na kikombe cha chai ya Njeri mkononi na akili yangu ikiwa mlangoni, nikauchonga kutoka moyoni badala ya kichwani.

Baadaye mambo yakaenda kama mnavyojua, wazee wangu wakaenda kwao, mbuzi wakaenda, nikamwoa Njeri. Guka alituacha si muda mrefu baada ya hapo. Picha zake zipo nyingi. Sauti yake, walipoanza kuitafuta kwenye simu za jamaa wote, ikapatikana mahali pamoja tu: yale maneno machache ya kujaribu maikrofoni, ndani ya kompyuta ya Mzee Kamau.

Sasa ije siku yenyewe. Familia iliandaa sherehe ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mjane wa Guka, nyanya yake mke wangu, tunayemwita Cucu. Hema lilikuwa limesimamishwa uani, kwaya ya kanisa ilikuwa imealikwa, majirani wa mashamba ya chai wamekuja na shuka mabegani kwa sababu ukungu ulikuwa haujaondoka. Kilele cha siku kilikuwa hiki: kabla ya chakula, Cucu angesikia sauti ya mumewe. Na fundi wa kazi hiyo, bila shaka, alikuwa mkwe.

Nilipokwenda kumsalimia Cucu, alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa, amefunga kitambaa cha buluu.

"Mwalimu," akaniambia huku ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, "nimesikia leo unaniletea mzee wangu."

"Ndiyo, Cucu. Utamsikia vizuri kabisa."

"Hiki kitambaa ni yeye alininunulia. Nilikuwa nimeanza kusahau sauti yake, nikaogopa. Uso ninao, lakini sauti ilikuwa imeanza kuniponyoka. Usinicheleweshe."

Nikamwambia, kwa kujiamini kwa mtu asiyejua kinachomngoja, "Cucu, ni kubonyeza tu."

Na ingekuwa kubonyeza tu, jamani, kama ningebonyeza. Tulikuwa tumeiweka kompyuta juu ya meza kando ya hema, tukaiwasha, ikawaka vizuri. Nikaunganisha simu yangu na ile spika kubwa ya hema kwa bluetooth, nikaweka nyimbo za injili za chinichini ili wageni wasikae kimya. Kisha nikaona kwenye kompyuta ujumbe kwamba kuna masasisho yanangoja kuwekwa, yamengoja tangu lini sijui. Mtu mwingine angeachana nayo. Mimi, kwa sababu ni mwalimu na wageni walikuwa wananitazama, nikaamua kuiweka mashine sawa kwanza, iwe safi, ndipo nimlete Guka. Uamuzi mdogo tu. Nikabonyeza kukubali. Ikafika katikati, stima ikapotea.

Mnajua Kangari na stima. Jenereta ikaletwa, ikavutwa kamba, ikanguruma, nikaiwasha mashine tena. Ikazunguka. Ikazunguka. Ikaleta skrini ya buluu, ikasema imeshindwa kuanza, ikajaribu kujitengeneza, ikashindwa kujitengeneza.

Sikuogopa. Haya mambo nayafundisha. Mashine ikikwama hivyo ina mlango wake wa nyuma wa matengenezo, unaingia, unaiambia iondoe masasisho ya mwisho, inarudi kama ilivyokuwa. Nikaingia. Ikaniambia kwa upole sana: chagua akaunti ya msimamizi, andika nenosiri.

Nikaweka vidole juu ya kibodi na nikagundua kwamba sikumbuki.

Nilijua nililiweka mimi. Nilijua lilikuwa zuri. Nilikumbuka hata ladha ya ile chai. Lakini neno lenyewe halikuwepo. Nikajaribu nenosiri la chuo, likakataliwa. Nikajaribu lile ninalowawekea wateja wote, likakataliwa. Nikajaribu jina la Njeri, Njeri na mwaka, Njeri kwa herufi ndogo, Njeri kwa herufi kubwa, likakataliwa, na kila nikikataliwa nilikuwa naitikia kwa kichwa na kusema "mm-hm" kama mtu ambaye kazi inakwenda alivyopanga.

(Najua mnauliza mbona sikuanzisha mashine kwa flashi ya uokoaji, nikachukua ile sauti bila kuhitaji nenosiri la mtu. Swali zuri sana, na wanafunzi wangu huniuliza hivyo hivyo. Flashi ilikuwa Ruring'u, katika mfuko wa jaketi ya kazi, kwa sababu kwa wakwe nilivaa suti.)

Njeri akaja, akainama sikioni mwangu. "Kuna shida?"

"Hakuna shida."

"Githinji, unatoka jasho, na watu wote wamejifunika shuka."

"Nenosiri limenitoka kidogo."

"Ni wewe uliweka?"

"Ni mimi."

Akamwangalia Cucu pale mbele. Cucu alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, sikio likielekea spika, akisikiliza nyimbo za injili kwa subira kana kwamba mzee wake angetokea katikati ya ubeti. Njeri hakunigombeza. Alisema tu, "Tafuta njia," na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Mzee Kamau naye akaanza kuja, kofia mbele, na nyuma yake Mzee Ndirangu, ndugu yake mdogo, yule anayekuwa msemaji wa familia kwenye mambo ya ruracio, yaani mahari. "Fundi," Mzee Ndirangu akaniuliza, "hii kitu iko na ugonjwa gani?"

"Ni kitu kidogo, Mzee. Dakika tano."

Hapo ndipo nikamkumbuka Wafula. Maana siku ile nilipotoka Kangari nimejaa furaha, nilifika chuoni nikamwambia nenosiri, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mimi ninayefundisha watu wasimwambie mtu. Kama kuna mtu duniani anayelikumbuka ni yeye, kwa sababu alinicheka nalo mwezi mzima.

Nikajificha nyuma ya ile spika kubwa, maana ilikuwa kubwa kunitosha, nikampigia.

Jambo la kwanza lililotokea ni kwamba wimbo ulikatika. Na mnajua muziki ukikatika ghafla kwenye hema kila mtu hunyamaza na kutega sikio, akidhani sasa kuna tangazo. Jambo la pili ni mlio wa simu ukiita, mkubwa, kutoka juu ya kichwa changu. Mimi nilikuwa na simu sikioni na bado sikuelewa. Nilidhani ni simu ya mtu mwingine, nikamlaani moyoni kwa kukosa adabu.

"Halo, Mwalimu!" ikasema spika.

"Wafula," nikanong'ona, "lile nenosiri la Kangari. Kompyuta ya baba mkwe. Niambie haraka."

"Wewe! Umesahau?" Wafula akacheka, na hema zima likatikisika kwa kicheko chake. "Si uliandika Njeri ni wangu! Yote pamoja, bila nafasi, N kubwa, halafu mwisho alama ya mshangao. Nikakuuliza alama ya mshangao ni ya nini, ukasema ni ya furaha!"

Sasa nikaelewa. Simu ilikuwa bado imeunganishwa na spika. Nikaishika simu kuizima, na kidole changu, kwa haraka, kikabonyeza kitufe cha sauti pembeni, kikabonyeza, kikabonyeza, na kila kilipobonyeza Wafula alizidi kuwa mkubwa.

"Na ulikuwa hata hujamwambia msichana! Ati umeshaandika ni wako! Na yule baba yake wa kofia, bado hajacheka tangu abatizwe? Halo? Mwalimu? Mbona nasikia watu?"

Nikakata. Nikabaki nyuma ya spika. Nilifikiria kwa dhati kukaa pale mpaka wageni waende nyumbani.

Kikatoka kicheko kimoja cha mwanamke wa kwaya, kile cha puani cha mtu anayejizuia, halafu hema likapasuka. Mzee mmoja wa kanisa alilia kabisa, akipangusa macho kwa shuka. Njeri alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanaruka. (Na hapa niongeze kwamba kwa miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nikiwaambia watu kwamba Njeri ndiye aliyenitafuta. Kwamba mimi nilikuwa mwalimu mwenye shughuli zake.)

Mzee Kamau akachukua maikrofoni. Akavua kofia. Sikuwa nimewahi kumwona bila kofia.

"Mwambie huyo rafiki yako," akasema, "nimecheka leo."

Mzee Ndirangu akampokonya maikrofoni, na sauti yake ikawa ile ya ruracio, ya kutoka tumboni. "Watu wetu, ngojeni kidogo, hii ni kesi. Sisi Wagikuyu mwanamume akimtaka msichana anafanya nini? Anatuma wazee, wanakuja kupanda ithigi, lile tawi, hapa kwa boma ya baba yake, mchana, watu wakiona, ndio kila mtu ajue huyu amechumbiwa. Huyu alikuja peke yake, akakunywa chai yetu, akapanda ithigi yake ndani ya kompyuta, akaifunga na siri, akaenda nyumbani!"

"Faini!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Faini ni mbuzi," akasema Mzee Ndirangu. "Mnono. Fundi, toka huko nyuma tukuone ukikubali."

Nikatoka. "Nimekubali, Mzee," nikasema, na wakanipigia makofi. Lakini Cucu akainua fimbo yake na watu wakanyamaza.

"Huyo mbuzi ni wangu," akasema.

"Wako kwa nini, Maitu?" Mzee Kamau akamuuliza mama yake.

"Kwani Njeri ni nani? Si ni mimi?" Na ni kweli, maana kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo mke wangu ni Njeri kwa sababu Cucu ni Njeri. "Kijana ameandika mimi ni wake, na hata hajaniuliza. Mbuzi aletwe kwangu." Kisha akanigeukia, na utani ukamtoka usoni. "Sasa umepata ufunguo. Fungua. Nimengoja."

Nikaketi kwenye mashine. Watu walikuwa wamenizunguka kama wanaangalia mpira, na wakaisoma kila herufi kwa sauti nilipokuwa naandika, kwaya ikiongoza, mpaka tukafika mwisho na hema zima likasema kwa pamoja, "Alama ya mshangao!" Nikabonyeza.

Ikakubali.

Nikaiambia iondoe masasisho yale. Ikafikiri kwa muda mrefu, na hakuna aliyecheka tena, nilisikia tu jenereta, na nilikuwa nikisema moyoni tafadhali, nichekwe mimi mwaka mzima, lakini hii sauti isipotee. Skrini ikawa nyeusi. Kisha ikaja picha ya shamba la chai ambayo Mzee Kamau ameiweka pale, na sebule ikafunguka. Nikatafuta lile faili. Lilikuwepo. Safari hii nilitenganisha simu na spika kwanza, nikahakikisha mara mbili, nikaunganisha kompyuta kwa waya. Nikabonyeza.

Kukawa na mkwaruzo wa fimbo sakafuni. Halafu Guka akakohoa, kile kikohozi chake, na wanawake wakashika vifua. Aliongea Kikuyu, nawapa kwa Kiswahili.

"Hii mashine inanisikia?"

"Inasikia, Guka," ikajibu sauti yangu, nyembamba, ya kijana anayetaka kupendwa.

"Basi isikie. Huyu fundi tangu afike anaangalia mlango kuliko anavyoangalia kazi. Nadhani anangoja chai." Kicheko kidogo cha kizee. "Njeri! Njeri, njoo umwone."

Hema lilicheka tena, na mimi nilikuwa tayari nimekwisha, hakukuwa na aibu iliyobaki ya kunivua. Kumbe Guka alijua. Alijua kabla ya Wafula, kabla ya Njeri, pengine kabla yangu. Lakini kicheko kilikatika haraka, kwa sababu kule mbele Cucu alikuwa ameshika mikono ya kiti na kujiinua nusu.

"Ninakuja, Baba Kamau," akasema. "Ninakuja."

Mimi nilikuwepo siku ile. Guka alikuwa anamwita mke wangu na birika lake. Cucu alikuwa amekwenda kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia. Njeri anajua hivyo, na Mzee Kamau anajua hivyo. Hakuna aliyemsahihisha. Cucu akaketi tena taratibu, akarekebisha kitambaa chake cha buluu, akaniambia, "Rudia."

Nikarudia. Nilirudia mpaka chakula kikapoa, na kila Guka alipoita, Cucu aliitika.

Mbuzi nilimpeleka mwenyewe, mnono kama ilivyoamriwa, na Cucu alimkagua meno kabla ya kumpokea. Siku hiyo hiyo niliinakili ile sauti mahali pengi kiasi kwamba sasa hata Wafula anayo. Na nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitapiga simu tena maishani kabla sijajua sauti yake inatokea wapi. La pili, ufunguo wa mashine ya mtu atauchagua mwenye mashine, na fundi ataondoka bila kuacha kitu chake ndani. Wanafunzi wangu sasa nawaambia hivi: kabla hujaweka nenosiri, jifikirie umesimama mbele ya wakwe zako wote ukilisikia kwenye spika.

Lile la zamani tulilibadilisha pale pale, na Cucu ndiye aliyechagua jipya. Siwezi kuwaambia ni lipi, kwa sababu nenosiri ni siri. Waulizeni watu wa Kangari, alilitangaza kwa maikrofoni.